Uvimbe wa ubongo au shambulio la mayelini? Kutatua picha inayofanana na saratani

Picha ya MRI imetoka. Ndani ya sehemu nyeupe ya ubongo kuna kitu cha sentimita 4, kimezungukwa na maji ya uvimbe, na ukingo wake unang'aa baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya gadolini. Ripoti inataja glioma ya daraja la juu (saratani inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe), limfoma (saratani ya seli za kinga) au jipu. Mara nyingi ripoti ya namna hiyo iko sahihi. Lakini upo ugonjwa wa nne unaotoa picha ileile na hauhitaji kukatwa wala kuchomwa mionzi: kinga ya mwili imeshambulia mayelini, ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, na badala ya kuacha vidonda vidogo vilivyozoeleka katika ugonjwa wa MS (multiple sclerosis), imeacha kidonda kimoja kikubwa kilichovimba. Kwa kawaida kidonda cha mayelini huhesabiwa kuwa cha aina hii kikizidi sentimita 2.

Kukosea hapa kunaumiza kwa pande zote mbili. Ubongo uliopoteza mayelini ukipigwa mionzi kwa kudhaniwa una saratani unaweza kuharibika zaidi. Naye mwenye limfoma akipewa steroidi, dawa za kutuliza kinga na uvimbe, mapema kwa kudhaniwa ana MS, ushahidi wa ugonjwa wake unaweza kufutika kwa wiki kadhaa au miezi, kisha ukarudi kwa kishindo. Kwa hiyo, kwa mgonjwa aliyetulia, mimi naanza na swali hili: ni kitu gani kisifanyike kabla vipimo havijakamilika? Jibu ni steroidi na mionzi.

Nasema aliyetulia kwa makusudi. Mgonjwa anayezidi kusinzia, anayetapika mfululizo, au ambaye mboni ya jicho moja imepanuka, yuko hatarini kwa sababu ya mgandamizo ndani ya fuvu. Huyo anaokolewa kwanza, kwa steroidi na upasuaji wa dharura ikibidi, na uchunguzi unafuata. Ubora wa sampuli hauzidi uhai wa mtu.

Rudi kwa mgonjwa kabla ya kurudi kwenye picha

Picha ya kutisha humfanya kila mtu aruke historia. Usiruke. Kidonda cha mayelini hujijenga kwa siku kadhaa hadi wiki chache: mkono unaishiwa nguvu, maneno hayaji, kichwa kinauma, tabia inabadilika, wakati mwingine degedege. Kiharusi huja kwa ghafla. Glioma ya daraja la chini inaweza kuwa imesababisha vipindi vya kifafa kwa miezi au miaka kabla ya picha ya kwanza. Mwendo wa ugonjwa unasaidia, ila hauamui peke yake, maana limfoma na glioblastoma (glioma kali kuliko zote) nazo huweza kujijenga ndani ya wiki chache.

Wengi wa wagonjwa hawa ni vijana na watu wa makamo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Claudia Lucchinetti wa Mayo Clinic pamoja na wenzake, wagonjwa 168 waliothibitishwa kwa biopsi (sampuli ya tishu iliyochukuliwa kwenye kidonda) walikuwa na umri wa kati wa miaka 37 walipoanza kuugua. Watoto wamo, na wazee wamo.

Kisha uliza mambo ambayo mgonjwa hatayasema mwenyewe, kwa sababu haoni uhusiano wake na kichwa. Je, jicho liliwahi kuuma likafifia kwa wiki kadhaa, halafu likapona? Aliwahi kupata ganzi kuanzia kifuani au kiunoni kushuka miguuni? Alipata kwikwi au kutapika kusikoeleweka kwa siku nyingi, akatibiwa tumbo? Hilo la mwisho linaelekeza kwenye kundi la magonjwa ya kingamwili dhidi ya akwaporini-4 (protini inayopitisha maji kwenye seli za ubongo), kundi lililofahamika vizuri tangu kingamwili hiyo ilipogunduliwa mwaka 2004.

Orodha ya dawa nayo ina majibu. Mgonjwa wa MS anayetumia fingolimod, au aliyeiacha hivi karibuni, anaweza kupata kidonda kikubwa cha aina hii. Anayetumia natalizumab, dawa nyingine ya MS, akipata kidonda kipya, kwanza fikiria virusi vya JC, ambavyo huharibu mayelini kwa njia tofauti kabisa na ambavyo steroidi haziviponyi. Homa, sikio linalotoa usaha, jino lililooza au ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa vinalivuta jipu mbele. Kupungua uzito na historia ya saratani ya titi au mapafu kunavuta uvimbe uliosambaa. Kipimo cha VVU kifanywe mapema kwa kila mgonjwa, kwa sababu jibu lake hupanga upya orodha nzima: toksoplasma (maambukizi ya kimelea), kifua kikuu na limfoma hupanda juu.

Pete inang'aa lakini imekatika upande mmoja

Hii ndiyo alama ninayoitafuta kabla ya nyingine zote. Dawa ya gadolini inaingia pale ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo kimevuja, na katika shambulio la mayelini mahali hapo ni mstari wa mbele wa shambulio linalosonga ndani ya sehemu nyeupe. Upande unaogusa gamba la ubongo au viini vya kijivu vilivyo ndani, mstari huo haung'ai. Matokeo yake ni tao linalong'aa kama mwezi mwandamo, mgongo ukielekea sehemu nyeupe na uwazi ukielekea sehemu ya kijivu. Joseph Masdeu na wenzake waliieleza alama hii katika makala ya mwaka 2000, wakaonyesha kuwa ikionekana inaelekeza kwa nguvu kwenye upotevu wa mayelini badala ya saratani au maambukizi.

Itazame vizuri. Fungua picha za T1 (moja ya namna za kupiga MRI) za baada ya dawa katika pande zote tatu za kukata, kwani pete inayoonekana imefunga kwenye picha za mlalo inaweza kuwa wazi ukiitazama kwa mbele au kwa ubavu. Ukingo wenyewe uwe mwembamba na laini. Pete ya glioblastoma huwa nene hapa, nyembamba pale, ina vinundu, na kwa kawaida imefunga. Kwenye picha za T2, namna nyingine ya MRI, kidonda cha mayelini mara nyingi huwa na utepe mweusi mwembamba ukifuata ukingo huohuo.

Usiigeuze kuwa sheria. Wagonjwa wengi wenye ugonjwa huu hawana pete iliyokatika. Wengine hung'aa kwa mabaka, wengine pete imefunga kabisa. Na mara mojamoja saratani au jipu hutoa tao la aina hii. Alama ikiwepo ina uzito mkubwa, isipokuwepo haina uzito wa kutosha kufunga mlango.

Pete imefunga kabisa

Nenda kwenye picha za DWI, zinazoonyesha jinsi molekuli za maji zinavyotembea ndani ya tishu, na usizisome bila ramani ya ADC, inayopima mwendo huohuo wa maji, pembeni. Usaha ni mzito, kwa hiyo katikati ya jipu maji hayatembei: hapo katikati huwaka kwenye DWI na kuwa giza kwenye ADC. Katikati ya glioblastoma iliyooza, maji hutembea kwa uhuru. Katika kidonda cha mayelini kilicho hai, mzuio wa maji huwa pembezoni, na hubadilika haraka; picha iliyorudiwa baada ya siku chache inaweza kuonyesha ukingo tofauti. Limfoma kwa mtu mwenye kinga nzima huwa gimba lililojaa, linalong'aa lote, na mzuio wake umeenea ndani ya gimba hilo.

Pete kadhaa zilizo kwenye mpaka wa sehemu nyeupe na kijivu huashiria zaidi saratani iliyosambaa, toksoplasma au kifua kikuu. Lakini ukiona matabaka yanayopokezana, ya mayelini iliyopotea na iliyobaki, yakizungukana kutoka kitovu kwenda nje, umekutana na umbo lililoelezwa na József Baló wa Hungaria katika miaka ya 1920. Hakuna uvimbe unaopanga matabaka hivyo, na kwa picha iliyo wazi kiasi hicho sioni haja ya kukimbilia biopsi.

Kidonda ni kikubwa, ubongo haujasukumwa

Chukua kidonda cha sentimita 5 kwenye tundu la mbele. Mstari wa kati uko palepale, mifereji ya uso wa ubongo iko wazi, chumba cha maji cha upande huo kimebonyea kidogo tu. Saratani ya daraja la juu ya ukubwa huo ingekuwa imepindisha kila kitu. Tofauti hii kati ya ukubwa na msukumo ni ya kutilia maanani, ingawa wapo wagonjwa wa mayelini waliovimba hadi wakahitaji kufunguliwa fuvu.

Hapo omba kipimo cha wingi wa damu ndani ya kidonda. Glioblastoma huotesha mishipa mipya, kwa hiyo damu huwa nyingi kuliko upande mzima wa ubongo. Shambulio la mayelini halioteshi mishipa ya namna hiyo. Damu huwa ya kawaida au pungufu, na vena zilizokuwepo tangu zamani huonekana zikipita katikati ya kidonda bila kusukumwa. Tahadhari: limfoma nayo mara nyingi haina damu nyingi, hivyo kipimo hiki kinaitenga glioblastoma zaidi kuliko kinavyoitenga limfoma.

Limfoma inatengwa vizuri zaidi na kitu ambacho huwa kimesahaulika kwenye bahasha: CT ya siku ya kwanza, ile isiyo na dawa. Iweke kando ya MRI. Eneo linalong'aa kwenye MRI likiwa giza kwenye CT, mayelini inapata nguvu. Likiwa na weupe sawa na gamba la ubongo au zaidi, fikiria limfoma, kwa sababu seli zake zimesongamana. Ni ulinganisho wa dakika mbili, na nasikitika kila ninapoona haujafanywa.

Kimevuka kwenda upande wa pili wa ubongo

Korpasi kalosamu, daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, hupitiwa na glioblastoma, limfoma na shambulio la mayelini vilevile. Umbo la kipepeo linalotokea hapo si hukumu. Rudi kwenye alama nyingine.

Spektroskopia inasema saratani

Kipimo hiki cha MRI husoma kemikali zilizo ndani ya tishu. Kolini, ya utando wa seli, imepanda na NAA, ya neva, imeshuka. Hivyo ndivyo saratani inavyofanya, na hivyo ndivyo mayelini inayovunjika inavyofanya, kwa kuwa utando wa seli ukivunjwa kolini huachiliwa na neva zikiumia NAA hupungua. Laktati hupanda katika hali zote mbili. Kilele cha glutamati na glutamini kikipanda, kinaelekea zaidi kwenye mayelini. Kipimo hiki kikipatikana kwa urahisi kichukue. Kisipopatikana usimcheleweshe mgonjwa kukisubiri.

Kidonda kinaonekana kimoja tu

Huenda hakiko peke yake. Katika wagonjwa 168 niliowataja, takribani asilimia 70 walikuwa na vidonda zaidi ya kimoja kwenye MRI kabla ya biopsi. Vingine huwa vidogo mno na hupotea mbele ya kile kikubwa kilichovuta macho ya kila mtu. Pitia kandokando ya vyumba vya maji, chini ya gamba, shina la ubongo na serebela, kisha piga picha ya uti wa mgongo wote pamoja na mishipa ya macho. Kidonda kidogo chenye umbo la yai kwenye uti wa shingo kinaweza kubadilisha mpango mzima, maana glioblastoma haielezi kwa urahisi kwa nini kiwepo pale.

Maji ya uti wa mgongo yachukuliwe pale tu ambapo daktari wa mishipa ya fahamu au wa upasuaji ameridhika kwamba mgandamizo wa fuvu hauleti hatari. Pima bendi za oligokloni (alama ya kingamwili zinazotengenezwa ndani ya mfumo wa neva), lakini kumbuka kuwa katika ugonjwa huu hukosekana mara nyingi zaidi kuliko katika MS ya kawaida. Peleka maji ya kutosha kutafuta seli za limfoma, na yapime virusi vya JC na kifua kikuu kulingana na hali ya mgonjwa. Kwenye damu tafuta kingamwili za akwaporini-4 na za MOG (protini iliyo juu ya mayelini), hasa kwa mtoto, ambaye ugonjwa wa MOG huwa na nafasi kubwa. Damu hiyo itolewe kabla ya kubadilishwa plazma (kuondoa maji ya damu yenye kingamwili na kuweka mengine), vinginevyo jibu la hapana halitakuwa na maana.

Steroidi zimeyeyusha kidonda

Hapa ndipo watu hufunga faili mapema. Mgonjwa alipewa deksamethazoni siku ya kwanza kwa ajili ya uvimbe, kichwa kimepoa, MRI ya wiki mbili baadaye inaonyesha kidonda kimekaribia kutoweka. Furaha ni halali. Hitimisho kwamba "basi ilikuwa mayelini" si halali. Seli za limfoma hufa zinapokutana na steroidi, na gimba zima linaweza kutoweka kwenye picha, kisha likarudi palepale au mahali pengine.

Kuna gumu zaidi ya hilo. Wapo wagonjwa waliochukuliwa biopsi, ikaonyesha upotevu wa mayelini na shambulio la kinga, na miezi michache baadaye wakathibitika kuwa na limfoma. Kidonda cha kwanza kilikuwa kitangulizi. Sampuli iliyochukuliwa baada ya steroidi nayo inaweza kuonyesha makrofaji (seli za kinga zinazomeza mabaki) na limfosaiti T (seli nyingine za kinga) tu, seli za saratani zikiwa zimeshakufa, na mtaalamu wa patholojia akasoma mayelini kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo: kwa mgonjwa aliyetulia ambaye limfoma bado imo kwenye orodha, steroidi zisubiri biopsi. Kama zilishatolewa, andika dozi na tarehe kwenye fomu ya patholojia, kwa herufi zinazosomeka. Kama kidonda kimeshayeyuka na hakuna cha kuchukua, mfuatilie kwa MRI baada ya wiki 4 hadi 6, kisha kila baada ya miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, na usimwachie mgonjwa jukumu la kukumbuka.

Biopsi imerudi ikisema glioma, na picha haikubaliani

Mpigie simu mtaalamu wa patholojia. Huo ndio utatuzi, na hakuna fomu inayoweza kuchukua nafasi yake. Wakati mwingine sampuli imesomwa bila yeye kuwahi kuambiwa kuwa pete ilikuwa imekatika.

Chini ya hadubini mtego uko hivi. Tishu imejaa seli kupita kawaida. Kati yake zipo astrosaiti (seli zinazozitegemeza neva) kubwa zenye mikono mirefu, baadhi zikiwa na kiini kilichovunjika vipande vidogo vilivyotawanyika ndani ya seli. Hizo ni seli za Creutzfeldt, nazo kwa haraka hufanana na seli ya saratani inayogawanyika. Katika tishu iliyogandishwa, mgonjwa akiwa bado mezani, jicho linaona wingi wa seli, linaona kinachofanana na mgawanyiko, na neno glioma linatoka.

Kinachovunja mtego ni makrofaji. Ni seli za mviringo, mipaka yake iko wazi, tumbo lake limejaa povu la mayelini iliyomezwa. Kwenye tishu iliyogandishwa hufanana na seli za glioma. Kwenye sampuli iliyopakwa moja kwa moja juu ya kioo hujitenga na kuonekana vizuri. Makrofaji wengi wenye povu ndani ya uvimbe ambao haujawahi kutibiwa ni sababu tosha ya kusimama. Omba CD68, kipimo kinachowatia rangi, ili wahesabike. Omba rangi ya Luxol kuona mayelini, na rangi ya nyurofilamenti kuona nyuzi zenyewe: mayelini imetoweka huku nyuzi nyingi zikiwa zimebaki, na mpaka ni mkali, basi ni shambulio la mayelini. Katika kiharusi au nekrosisi (tishu iliyokufa) vyote viwili hupotea pamoja.

Mabadiliko ya jeni ya IDH yakipatikana, ni glioma, hakuna mjadala. Yasipopatikana hujaiondoa glioblastoma, ambayo kwa uainishaji wa WHO wa mwaka 2021 haina mabadiliko hayo. Na sampuli yenyewe ichukuliwe kwenye ukingo unaong'aa. Katikati palipooza hapatoi jibu.

Imethibitika ni mayelini, lakini mgonjwa hapati nafuu

Maambukizi yakishaondolewa kwenye orodha, tiba ya kwanza ni methylprednisolone ya mshipa, gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5. Wengi hujibu. Asiyejibu, hasa aliyepooza au asiyeweza kusema, asiachwe wiki nyingi akiongezewa steroidi zilezile. Hatua inayofuata ni kubadilisha plazma. Brian Weinshenker na wenzake walilijaribu hilo mwaka 1999 kwa wagonjwa 22 waliokuwa wameshindwa na steroidi: nafuu ya kuonekana ilitokea katika mizunguko 8 kati ya 19 ya tiba halisi, na katika mzunguko 1 kati ya 17 ya tiba bandia. Baada ya hapo zipo rituximab na saiklofosfamaidi, dawa za kushusha kinga, mikononi mwa anayezifahamu.

Mgonjwa anauliza kama sasa ana MS

Mwambie ukweli wa hatua mliyofikia. Katika utafiti uleule wa 2008, takribani asilimia 70 walikuja kuthibitika kuwa na MS, na wengine shambulio lilibaki lile moja. Dawa ya kudumu ya MS huanzishwa kwa vigezo vya MS, na ukubwa wa kidonda cha kwanza si mojawapo. Mwenye kingamwili za akwaporini-4 ana njia yake tofauti, na baadhi ya dawa za MS humzidishia ugonjwa, ndiyo maana kipimo kile cha damu hakirukwi.

Katika ufuatiliaji, angalia mahali. Kidonda kipya mbali na cha kwanza, kidogo, chenye umbo la yai, kinaelekea MS. Kidonda kilekile kinachokua tena palepale steroidi zinapopunguzwa hakipewi nafasi ya pili ya kusubiri: kinachukuliwa biopsi, hata kama ya kwanza ilisema mayelini.